Inchi 6 kwa 8: shajara ya picha ndogo za Dodoma

Mei, wiki ya mwisho

Mvua zimekwisha, majani ya kando ya barabara yameanza kukauka, na vibao viko tayari. Mradi wenyewe ni huu: kuchora Dodoma kwa rangi ya mafuta kwenye vibao vya inchi 6 kwa 8, vyote saizi moja, kuanzia kiangazi hiki hadi mvua zitakaporudi na kukolea. Hakuna kanvasi kubwa itakayotokana navyo. Naliandika hilo mapema kwa sababu kila niliyemweleza ameniuliza swali lilelile: "Sasa zile kubwa unaanza lini?" Watu wamezoea kwamba kidogo ni maandalizi ya kikubwa. Kwangu hizi ndizo kazi yenyewe, na nitaeleza kwa nini kadiri siku zinavyokwenda.

Vibao ni vya hadibodi. Shiti moja ya futi 4 kwa 8, kwa hesabu ya karatasi, inatoa vipande 96. Msumeno nao unakula sehemu yake, kwa hiyo unapata pungufu ya hapo. Fundi seremala wangu wa Chang'ombe aliangalia vipimo akaniuliza, "Dada, hivi vya nini? Vigae?" Nikamwambia ni vya picha. Akachukua kipande kimoja, akakigeuza, akapitisha kidole gumba ukingoni. "Basi hizi kingo lazima nizipige msasa vizuri," akasema, "maana picha hii mtu ataishika." Kanielewa kabla sijamweleza. Picha ya futi nne unaitazama ukiwa umesimama mbali. Hii ya inchi nane mkono unataka kuichukua.

Upande laini wa hadibodi naupiga msasa mwepesi kuua mng'ao, kisha praima nyeupe, mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu, kila mmoja ukikauka kabla ya unaofuata. Mgongoni napaka pia. Kibao kilichopakwa upande mmoja tu hujikunja, na kwa hewa yetu hii kavu hujikunja haraka. Mwisho kabisa natandaza andakoti nyembamba ya nyekundu ya udongo. Dodoma ukianza na nyeupe tupu unapigana na kibao chako asubuhi nzima. Ukianza na nyekundu, nusu ya ardhi tayari ipo.

Rangi ni hadithi nyingine. Ukiingia duka la rangi hapa mjini ukaomba rangi ya mafuta, unapewa kopo la kupakia milango na mageti. Silidharau kopo hilo. Edward Said Tingatinga alianza nalo Dar es Salaam mwaka 1968, akiwa na hadibodi hii hii, na kwa miaka minne tu mpaka alipouawa 1972 akawa ameacha mtindo ambao hadi leo unalisha watu. Lakini ya kwangu ni ya tyubu, unga wa rangi uliosagwa ndani ya mafuta ya kitani, na hiyo naifuata Dar. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, safari hiyo imekuwa ya kwenda na kurudi bila kulala.

Jirani yangu ameniuliza kwa nini nisitumie mafuta ya alizeti, na sisi tunaishi katikati ya alizeti yote ya Dodoma na Singida. Swali zuri, nimelifikiria. Mafuta ya kitani hayakauki kwa kuvukiza maji. Yanavuta oksijeni hewani na kugeuka kuwa utando mgumu. Alizeti nayo hufanya hivyo, ila polepole mno, na ile ya kupikia inaweza kubaki inanata wiki baada ya wiki. Picha inayonata mwezi mzima katika mji huu wa vumbi, mwisho wake unaujua.

Juni

Baridi, upepo bado haujawa mkali, mbingu safi. Jua linachomoza karibu saa 12:45 asubuhi, na kuanzia hapo linapanda haraka. Mwanga ninaoutaka, ule unaopita chini kwa chini na kuligeuza kila jiwe kuwa na upande wa joto na upande wa baridi, una muda wa saa moja hivi. Baada ya hapo unaweza kuendelea kuchora, ila unachora kitu kingine. Ikifika saa nne na nusu, kivuli cha mbuyu ni kifupi kuliko mbuyu wenyewe na rangi zote zimefifia.

Hapo ndipo saizi ya kibao inapojieleza. Ndani ya saa moja naweza kuchora inchi 6 kwa 8 kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho chini ya mwanga mmoja. Kanvasi ya futi 3, saa hiyo hiyo inaishia kwenye kufunika weupe. Mtu atasema rudi kesho yake saa ileile. Ni kweli, mwezi huu mbingu za Dodoma hazina kigeugeu. Lakini mimi mwenyewe kesho siko vilevile, na picha ikishakuwa na asubuhi mbili ndani yake naiona imegombana. Sikuchagua inchi 6 kwa 8 kwa kubana matumizi. Nilitafuta kibao kinachoingia ndani ya saa moja ya jua.

Tuseme pia la dirisha, kwa wanaochorea ndani. Maelezo mengi ya kazi hii yametoka Ulaya, na yote yanasema: tafuta dirisha la kaskazini, jua haliingii. Hapa tuko nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi karibu tarehe 9 Oktoba, jua la mchana linakuwa upande wetu wa kaskazini, na ukifungua dirisha hilo mwezi huu linakumwagikia kwenye paleti, kile kibao cha kuchanganyia rangi. Sasa hivi natumia dirisha la kusini. Oktoba nitahamisha stendi ya kuchorea, Machi nitairudisha.

Nyuma ya kila kibao naandika mahali, tarehe, saa na upepo ulikotoka. Huo ni utaratibu wa John Constable, Mwingereza aliyechora mawingu ya Hampstead mwaka 1821 na 1822 kwenye karatasi na vibao vidogo, akiandika nyuma saa na hali ya hewa. Wengine wanaziita michoro ya mazoezi. Ukizitazama, wingu lile ni la siku ile, na hakuna picha yake kubwa ninayoipenda kuzidi hizo.

Mbuyu wa kwanza umekamilika, njia ya kwenda Iringa. Niuelezee, kwa sababu mbuyu una mtego. Ubongo unakuambia shina ni la kahawia. Kaa mbele yake dakika tano. Upande wa jua, gome ni la waridi lililochanganyika na kijivu, karibu na rangi ya kiganja cha mtoto. Upande wa kivuli ni zambarau iliyopoa, na chini kabisa, palipo karibu na ardhi, kivuli hichohicho kinapata wekundu kwa sababu udongo unakirudishia mwanga. Rangi tatu. Kwenye kibao changu shina lina upana wa kidole, kwa hiyo kila rangi ilipata pigo moja la brashi: waridi kutoka juu kushuka, zambarau pembeni yake, wekundu kwa ncha tu pale shinani. Kati ya waridi na zambarau sikulainisha. Pale mapigo mawili yalipokutana pamebaki ukingo mkali, na ukingo huo ndio unaolifanya shina lijae duara. Matawi, yakiwa hayana majani msimu huu, nimeyakwangua kwa mpini wa brashi kwenye anga mbichi hadi andakoti nyekundu ikatokea.

Julai

Mwezi huu nimefanya kazi kwa brashi moja, bapa, ya nusu inchi, na imenipa hesabu ya kueleza jambo ambalo nilikuwa nalijua kwa mkono tu.

Kibao kina upana wa inchi 6. Brashi ya nusu inchi ni sehemu ya kumi na mbili ya upana huo. Ili upate uwiano huohuo kwenye kanvasi ya inchi 36, unahitaji brashi ya inchi 3, ile ya mafundi wa kupaka kuta. Nani anachora kanvasi ya futi tatu kwa brashi ya ukutani toka mwanzo mpaka mwisho? Karibu hakuna. Wengi wanatumia brashi ileile ya nusu inchi, na picha inajaa mapigo mengi madogo, kila moja likiwa na jukumu dogo. Kwenye kibao changu pigo moja ni paa zima. Pigo moja ni ng'ombe. Likikaa vibaya hakuna la jirani yake la kulificha. Unalikwangua kwa kisu cha rangi, unafikiri, unaliweka upya.

Kwa hiyo nakataa usemi kwamba picha ndogo ni rahisi. Nakataa pia usemi wa pili, unaotoka kwa wanaojaribu kunisifu: kwamba picha ndogo ni kazi ya macho makali na brashi ya unywele mmoja. Hiyo ipo, na ina mabingwa wake wa karne nyingi, ila ni ufundi mwingine. Mimi nataka pigo liwe kubwa na kibao kiwe kidogo, vitu hivyo viwili vikabane.

Chamwino, nyumba ya tembe. Zimebaki chache zinazokaliwa, bati limeshinda. Paa la tembe ni bapa, nguzo na fito na udongo juu yake, na nyumba nzima inalala chini, haijinyanyui kupita vichaka vinavyoizunguka. Kwa mchoraji, ajabu yake ni kwamba ukuta, paa na uwanja ni udongo mmoja, na kinachovitenganisha ni namna jua linavyovipiga. Ukuta unaolitazama jua ni wa chungwa iliyofifia. Paa linapokea anga, kwa hiyo lina ubaridi kidogo. Uwanja uko katikati ya hivyo viwili. Tofauti hizo ni ndogo kiasi kwamba kwenye paleti niliziweka kandokando na bado ikabidi niiname kuzitofautisha. Kwenye kibao, zikigusana, zinasimama.

Bibi mwenye nyumba alitoka nikiwa nimeshaanza. "Mbukwenyi," akasema. Nikaitikia, nikaongeza na shikamoo.

"Marahaba mjukuu wangu. Wapiga picha?"

"Nachora, bibi. Nyumba yako."

Akasogea, akaangalia muda mrefu. "Na mimi mbona sipo?"

Nikamuuliza angependa awe wapi. Akanionyesha kivuli cha mlango, anapokaa kila siku saa hizo kuchambua mboga, akaenda akakaa hapo. Nikamweka: kitone cha buluu ya ultramarini kwa kitenge, juu yake kitone cha kahawia. Viwili tu. Nilipompelekea kibao akaweka ukucha karibu na kitone cha buluu, bila kukigusa, akasema, "Ndiye mimi huyu, nimekaa." Sina mtazamaji mwingine aliyewahi kunipa maneno yanayonifaa kazini kiasi hicho. Alijitambua kwa mkao. Sura ingehitaji kibao kikubwa zaidi na isingeongeza kitu.

Agosti

Upepo. Kuanzia saa nne asubuhi ni vumbi, na rangi mbichi inalipokea lote.

Fundi amenitengenezea kisanduku chenye vijia ubavuni, kila kibao kinaingia kwenye njia yake kikiwa kibichi na hakigusani na kingine. Kifuniko chake kina mpira wa mlango wa friji, uliokatwa. Kinabebwa kwa mkono mmoja, naingia nacho kwenye bajaji au daladala bila kuomba nafasi ya pili. Faida hiyo ya saizi ndogo haina utukufu wowote, lakini ni ya kweli: picha nyingi za maeneo hazichorwi kwa sababu tu hakuna namna ya kuzirudisha nyumbani.

Jumamosi niko mnadani Msalato. Nachora mapema kabla moshi wa nyama haujaufunika mnada. Ng'ombe hawatulii, na hilo limenifunza kuacha kuchora ng'ombe mmoja mmoja. Natafuta umbo la kundi zima, kipande kimoja cheusi chenye ukingo wa mwanga mgongoni, kisha pembe mbili au tatu. Vumbi lililosimama hewani nyuma ya kundi nalipata kwa nyeupe ya titani, njano ya udongo na chembe ya zambarau, rangi isiyo na jina. Lina mwanga mwingi kuliko anga. Ukilifanya jeusi zaidi ya anga, linageuka moshi.

Punje za mchanga zilizonaswa kwenye vibao vya Msalato siziondoi zote. Zile zinazotupa kivuli chao wenyewe nazitoa kwa ncha ya kisu baada ya rangi kushika. Zilizobaki zibaki.

Chinangali, mavuno ya zabibu. Mistari ya mizabibu imenishinda kwa sasa. Mstari wowote ulionyooka kwenye kibao kidogo unakula picha nzima. Nitarudi.

Septemba

Nimetoka Kolo, na yote niliyokuwa nimepanga kuandika mwezi huu nimeyaweka kando.

Unapita Chemba, unapita Kondoa mjini, unaendelea kaskazini kwa barabara ya Babati. Kolo unajiandikisha, unapewa mwongozaji, halafu unapanda. Michoro ya miambani ya Kondoa imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006. Mary Leakey alifanya kazi hapa mwaka 1951, akinakili michoro kwa mkono. Nilikuwa nimeiona kwenye picha tangu shuleni, na picha hizo zilikuwa zimenificha jambo moja: ukubwa.

Mwamba ni mkubwa sana. Ni ukuta wa jiwe ulioegemea mbele, ukiukinga uso wake na mvua, na mbele yake nchi inashuka kuelekea mashariki mpaka macho yanachoka. Mtu mwenye ukuta huo na rangi ya kutosha angeweza kuchora tembo wa ukubwa wa tembo. Lakini watu wengi wekundu waliopo pale ni wadogo. Baadhi hawafiki shubiri. Wamesimama wembamba, warefu kwa umbo lao, vichwa vimepanuliwa kwa nywele au mapambo, wameinama, wameshikana, na kuwazunguka kuna mwamba mtupu mwingi. Aliyewachora hakukosa nafasi. Alikuwa nayo, akaiacha wazi, akachora kwa saizi ya mkono wake.

Nilikaa mbele ya kikundi kimoja mpaka mwongozaji akaniuliza kama naumwa. Mistari ya miguu ni ya upana wa ncha ya kidole au pungufu, na kila mguu ni mpito mmoja, haukurudiwa. Unaona mahali rangi ilipoanza nzito na ilipoishia nyepesi. Kutokana na hilo unajua mkono ulitoka juu kwenda chini. Mtu yule ana miguu miwili, kiwiliwili, mikono, kichwa. Nikihesabu mapigo napata machache kuliko ya mbuyu wangu, na bado najua mzigo wa mwili wake uko mguu upi.

Wekundu wake ni madini ya chuma. Njano ya udongo iliyo kwenye tyubu yangu ni chuma pia, na ukiichoma motoni inageuka nyekundu. Chuma hakichujuki juani. Ndiyo maana rangi hizo zimebaki ilhali mengine yote yameondoka. Juu ya wekundu kuna michoro myeupe, minene zaidi, ya watu wa baadaye, wakulima. Wanaofuatilia wanaihusisha ile myekundu na jamii za wawindaji, na majina yanayotajwa ni ya mababu wa Wasandawe na Wahadzabe. Na pale Mungumi wa Kolo, moja ya sehemu hizo zenye michoro, watu bado wanakwenda kuomba mvua, hivyo usipaone mahali pa zamani pekee.

Nimerudi na jambo moja ambalo linabadilisha namna ninavyojibu lile swali la kila siku. Hapa nchini picha ndogo imepewa maana ya zawadi ya mgeni, ya kuingia kwenye begi la ndege, na hilo lina historia yake; vijana wa Dar wamesomesha watoto kwa vibao hivyo. Ila udogo wenyewe haukuanzia kwa watalii. Mtu aliyekuwa na mlima mzima alichagua udogo, na aliyetaka kuiona kazi yake ilibidi apande, asogee, asimame pale alipokuwa amesimama mchoraji, umbali wa mkono. Ukiwa pale mko wawili tu, wewe na yeye, kama mtu anayesoma barua aliyoandikiwa.

Kibao nilichochora Kolo hakina mwamba wala mtu mwekundu. Sikutaka kuchora mchoro wa mtu mwingine. Nimegeuka, nimechora alichokuwa anakiona akigeuka: uwanda wa mashariki, ukungu wa saa tatu, mistari mitatu ya buluu inayofifia.

Oktoba

Siku hizi jua linapita utosini. Karibu tarehe 9, kama saa 6:25 mchana, nguzo iliyosimama wima haina kivuli. Wachoraji wengi, mimi nikiwamo, tunaikimbia saa hiyo. Safari hii nimeikalia kwa makusudi, Nyerere Square, chini ya mti. Vivuli vyote viko chini ya vitu: chini ya magari, chini ya kofia, chini ya meza za wauza vocha. Kila kitu kinakaa juu ya mkeka mweusi wa kipimo chake. Picha za saa hiyo zimetoka kali, karibu hazina rangi, na nimeziweka pamoja na za alfajiri bila kuziomba radhi. Dodoma saa sita iko hivyo, na wanaoishi hapa wataijua.

Kuna mteja amekuja nyumbani, mtu mwema, amependa tembe la Chamwino. Anataka lile lile, futi nne, la ukumbi wake mpya. Nimemweleza kwa kirefu kwa nini siwezi, na naandika maelezo hayo hapa kwa kuwa yatahitajika tena. Kukuza kibao mara sita kila upande kunakupa inchi 36 kwa 48, na eneo linakuwa mara 36. Ukuta uliokuwa pigo moja sasa una ukubwa wa sinia kubwa ya pilau, na hauwezi kuwa pigo moja. Lazima kitu kitokee ndani yake. Nyufa, mabua kwenye udongo, kivuli cha fito. Vyote hivyo sikuvichora kwa sababu saizi yangu haikuvidai. Ningelazimika kuvibuni, na bibi aliyekuwa vitone viwili angehitaji uso. Hiyo ni picha nyingine, na inastahili mchoraji aende Chamwino akaitafute kwa saizi yake.

Akauliza bei ya hiyo ndogo, kisha akauliza inakuwaje bei hiyo kwa kitu cha inchi nane. Tumelelewa na bei za mabango, zinazokwenda kwa futi za mraba, na sina ugomvi na wachora mabango. Hesabu yao inalingana na kazi yao. Yangu hailingani. Nimeamua vibao vyote vitauzwa bei moja, kilichochukua dakika arobaini na kilichoanzwa upya asubuhi tatu, na bei hiyo haitashuka kwa sababu ya tepu. Akaondoka bila kununua. Siku mbili baadaye akatuma kijana na pesa kamili, kwa ajili ya tembe lile lile, dogo.

Novemba

Nimetandika vibao vyote sakafuni. Viwili vinaposogeleana sana vinaharibiana. Anga la kimoja linaanza kuingia kwenye anga la jirani. Picha ndogo inataka ukuta mwingi kuizunguka, mwingi kuliko mtu anavyodhani. Nikipata ukumbi nitaviacha mbalimbali, katikati ya kila kibao ikae sentimita 145 kutoka chini, mtu mzima asiiname, na viti viwili vitatu kwa wenye watoto ili watoto wapande. Fremu ni mbao nyembamba za mkongo, bila kioo. Kioo kinamrudisha mtu nyuma, na mimi namtaka asogee.

Vanishi bado. Hata rangi nyembamba, ikishikika kwa mkono haijawa imekauka. Ndani bado inavuta hewa. Ya Juni nitaipaka mwakani, baada ya miezi sita kupita, ya Oktoba baadaye zaidi. Matambara ya mafuta ya kitani nayaloweka kwenye ndoo ya maji kabla ya kuyatupa. Wanaoanza kazi hii walisikie hilo vizuri: tambara lililokunjamana lina uwezo wa kupata joto lenyewe na kuwaka bila kiberiti.

Desemba, mwanzo

Imenyesha. Udongo umekolea rangi mara mbili kwa usiku mmoja, ile chungwa iliyofifia sina tena mahali pa kuiweka. Mibuyu ya njia ya Iringa ina majani na kutoka mbali inaonekana mti wa aina nyingine.

Utaratibu wa saa moja umevunjika, kwa faida. Mawingu yakitanda mwanga unakaa palepale kwa muda wa saa mbili au tatu, na kwa mara ya kwanza tangu Mei nakuta nina muda kuliko kibao. Jaribu ni kuutumia muda huo kuongeza vitu. Najizuia kwa kuchora viwili mfululizo mahali pamoja, cha pili bila kukitazama cha kwanza, na mara nyingi cha pili ndicho chenye mapigo machache.

Kukausha kumekuwa kazi, hewa ina maji. Nimehamishia kisanduku karibu na jiko.

Fundi amenipigia simu: ana shiti nyingine, akate vilevile au nimebadilisha? Akate vilevile. Mizabibu ya Chinangali inanidai. Nimeshafahamu nitaichora kutoka mwisho wa mstari na si ubavuni, mistari ikikimbia kuelekea kwangu na ya katikati ikiwa wazi. Praima hii mpya nitaipaka andakoti ya kijivu cha joto, kwa sababu nyekundu ya Mei, ukiweka juu yake kijani cha majani mapya, kijani kinapiga kelele mpaka huoni kitu kingine.